Mkono Unaokanda na Mpaka Wake

Alfajiri, mitumbwi inaporudi ufukoni mwa Swima na taa za wavuvi zinapozimwa moja baada ya nyingine, mgeni huona mambo mawili. La kwanza ni ndakala wanaoanikwa juu ya mchanga. La pili ni migongo. Mwanamume aliyevuta nyavu usiku kucha hapandi kutoka ziwani akiwa wima. Huja ameinama, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka. Nyumbani kwake sufuria ya maji imekwisha kuchemka, na kando ya meko ipo chupa ya mawese. Kabla hajaonja chakula hulala kifudifudi juu ya mkeka, na mama au mke huanza kumkanda.

Sisi tunaowaandikia tumelelewa katika desturi hiyo. Tulikandwa siku tuliyozaliwa, kama walivyokandwa karibu watoto wote wa pwani hii ya Fizi. Mama yetu alikandwa kwa maji ya moto kila asubuhi baada ya kutuzaa. Tulipoanguka tukicheza mpira wa matambara, tulikandwa. Tulipokwenda kusomea ualimu na kurudi na vitabu, migongo yetu ilianza kuuma kwa kukaa badala ya kulima, nayo ikakandwa vilevile. Basi tusidhaniwe kwamba tunazungumza kama watu wa nje wanaodharau mikono ya mama zao. Tunaandika kwa sababu tumeupenda mkono huo, na kwa sababu siku moja tuliutumia vibaya, na kijana mmoja akalipa kwa mguu wake.

Jambo lenyewe lilitokea miaka 11 iliyopita. Kijana wa miaka 17, mmoja wa waimbaji wa kwaya yetu, alipanda mchikichi ili kukata mikungu ya ngazi. Kamba ilikatika, akaanguka. Hakutokwa na damu. Mguu wa kulia ulivimba chini ya goti, naye alisema kwamba hawezi kuukanyagia. Wazazi wake walikuja kwetu kuuliza la kufanya, kwani katika kijiji katekista mwenye elimu ya ualimu huulizwa mambo mengi asiyoyajua. Kwenda hospitali kulihitaji pikipiki, na pikipiki ilihitaji fedha, na mavuno ya mihogo yalikuwa bado. Tulitazama uvimbe ule, tukasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: «Hakuna mfupa uliotoka nje. Akandwe kwanza, tutazame.»

Akakandwa siku tatu. Sisi wenyewe tulimshika mabega ili asijinyonganyonge, huku mzee mmoja akiusukuma uvimbe kwa mawese ya moto. Kijana alilia. Tulimwambia kwamba maumivu ni dalili ya dawa kuingia. Siku ya nne mguu ulikuwa umepinda. Alipofikishwa hospitalini, daktari alieleza kwa upole ambao hatukustahili kwamba mfupa ulikuwa umevunjika bila kuhama mahali pake, na kwamba tungalimfunga mguu kwa mbao mbili na kumleta siku ile ile, pengine ungalipona ukiwa umenyooka. Ni kule kusukumwa kulikouhamisha. Aliwekewa plasta kwa miezi kadhaa. Akapona, lakini mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine hata leo.

Hatukuambiwa neno lolote la lawama na wazazi wale. Jambo hilo lilitusumbua zaidi kuliko kama wangalitukemea. Tangu hapo tulijiwekea deni la kujifunza: mkono unaokanda hufanya nini hasa mwilini, na mpaka wake uko wapi?

Tuanze na wema wake, maana ni mwingi na ni wa kweli. Ngozi si gunia lililofunika nyama tu. Imejaa mishipa ya fahamu ya aina nyingi: ipo inayopokea joto, ipo inayopokea maumivu, ipo inayotambua mguso. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba habari za maumivu zinapopanda kupitia uti wa mgongo hukutana na kitu kama lango. Habari za mguso zikija kwa wingi, lango hilo hujifunga kwa kiasi, na maumivu hupita kwa shida. Kumbe mtoto anayejikwaa na kuusugua mguu wake bila kufundishwa na mtu anafanya jambo ambalo wenye elimu waliliandika baadaye.

Isitoshe, imegunduliwa kwamba ipo mishipa ya fahamu myembamba sana ambayo haishughuliki na kupima umbo la kitu wala ukali wake. Huitikia zaidi mkono wa joto unaopita polepole juu ya ngozi, sentimeta chache kwa kila nukta, na habari yake hupelekwa katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za moyo. Mwendo huo ndio mwendo wa mama anayempapasa mtoto ili alale. Hakuna aliyempimia kwa saa. Mungu aliupanga mwili wa mtoto uutambue mkono wa mama, na mkono wa mama ujue mwendo wake.

Tena, mwili wetu una taratibu mbili zinazopokezana. Moja ni ya hatari: moyo hukimbia, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, tumbo husimamisha kazi. Nyingine ni ya pumziko: moyo hutulia, pumzi hushuka chini, chakula husagwa, usingizi huja. Mtu akikandwa kwa utaratibu, mahali penye amani, na mtu anayemwamini, utaratibu wa pili huchukua nafasi. Msuli uliokaza hulegea. Uchungu wa kiuno wa mvuvi au wa mama aliyelima hupungua kwa siku kadhaa, na mara nyingi siku hizo zinatosha mwili umalizie kazi yake wenyewe. Ndiyo maana twaweza kusema bila kutia chumvi: mkono hauponyi kidonda, lakini humpa mgonjwa pumziko ambalo ndani yake mwili hujiponya.

Lakini kuna mambo ambayo mkono hauyawezi hata ukipakwa mawese ya kisima kizima. Haurudishi mfupa uliovunjika kwa kuusukuma. Hautoi malaria. Hauna uwezo wa kukamua sumu kutoka damuni, ijapokuwa husemwa hivyo mijini na vijijini. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na mafigo. Maumivu ya mgongo yanayokuja pamoja na homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda, pengine ni kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo, na dawa yake hutolewa katika kituo cha afya kwa miezi mingi. Mguu mmoja unaovimba na kuwa wa moto bila ya kuanguka huenda una damu iliyoganda ndani. Ukikandwa kwa nguvu, lile donge laweza kuhama hadi mapafuni na kuua. Na tumbo la mama mjamzito lisisukumwe kwa madai ya kumgeuza mtoto.

Baada ya kujifunza hayo tulidhani kwamba tumemaliza. Hapo ndipo lilipotujia swali kutoka mbali.

Binti wa dada yetu alilelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, ile iliyofunguliwa mwaka 1996 watu wetu walipovuka ziwa wakikimbia vita. Leo anaishi Marekani, na kazi yake ni kuwatunza wazee wasiojiweza. Tangu utoto wake huumwa kichwa. Usiku mmoja alitutumia ujumbe wa sauti kwa simu. «Mjomba,» alisema, «nimepelekwa na rafiki kwa mama mmoja anayetibu kwa kushika kichwa. Hakunikanda, hakunibonyeza. Aliniwekea mikono chini ya kisogo, akakaa kimya karibu saa nzima. Nikalala. Nilipoamka nililia, wala sijui nililia nini. Sasa kichwa kimenyamaza. Niambie, ni dawa au ni uchawi? Je, nimetenda dhambi? Na vile vidonge vyangu vya presha, niviache?»

Alituuliza maswali matatu, nasi mara hii hatukujibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Tulimwambia: «Mama, tuachie juma moja.» Tukasoma, tukamuuliza na daktari.

Njia hiyo ina historia yake, na mwanzo wake utawafurahisha ninyi mnaokaa karibu na samaki. Mwaka 1899 kijana mmoja Mmarekani, William Garner Sutherland, alikuwa mwanafunzi wa shule ya tiba ya mifupa na viungo mjini Kirksville, katika jimbo la Missouri. Alitazama fuvu la kichwa lililotenganishwa mifupa yake, akaona kwamba mfupa wa upande wa sikio umechongwa ukingoni mfano wa mashavu ya samaki, yale anayopumulia. Akajiuliza: je, huenda mifupa ya kichwa nayo hufunguka na kufunga kwa namna ya kupumua? Alilifikiri wazo hilo kwa miaka mingi, akachapisha kitabu mwaka 1939. Baadaye daktari mwingine wa nchi ile ile, John Upledger, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliliendeleza na kuliita tiba ya fuvu na mfupa wa kiuno. Mwaka 1985 alianzisha taasisi ya kuwafundisha watu wengi, hata wasiokuwa madaktari. Husemwa kwamba maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mdundo wake wa polepole, na kwamba mkono wenye uzito wa karibu gramu 5, yaani kama kijiko kidogo cha sukari, waweza kuusikia mdundo huo na kuurekebisha.

Je, ni kweli? Hapa yatupasa kuwa waaminifu. Maji yale yapo kweli, nayo hutikisika pamoja na moyo na pumzi. Lakini mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikamana kwa mishono migumu. Haifunguki kama mashavu ya samaki. Tena, watibu kadhaa walipopimwa kwa kumshika mgonjwa mmoja, kila mmoja alihesabu mdundo wake, na hesabu hazikupatana. Basi maelezo ya Sutherland hayajathibitishwa, na watafiti wengi wa tiba huyakataa. Kuona kwamba kitu kinafanana na mashavu ya samaki si sawa na kuona kinapumua.

Hata hivyo binti yetu hakusema uongo. Alilala, akatulia, akalia. Kuna nini hapo? Twafikiri jibu si la ajabu. Mtoto aliyebebwa mgongoni usiku wa risasi, akakulia kambini, kisha akaingia nchi ambako hushinda akiwanyanyua wazee wa watu, ni lini mtu alimshika yeye? Ni lini alilala saa nzima mahali penye kimya, mikono ya mtu mwingine ikikibeba kichwa chake, wala asidaiwe kitu? Utaratibu ule wa hatari ulikuwa umekaa ndani yake miaka mingi. Kwa saa moja ukaondoka. Halikuwa fuvu lililofunguka. Ni hofu iliyolegeza mkono wake.

Tukamjibu: «Mama, si uchawi, wala si dhambi kupumzika. Kama mtu huyo ni mwaminifu, hakuombi fedha zinazokushinda, wala hakuahidi kuondoa kila ugonjwa, nenda ukapumzike. Lakini kichwa kunyamaza si ushahidi kwamba presha imeshuka, maana presha mara nyingi haina sauti. Vidonge usiviache. Pima kwanza.» Alipima. Ilikuwa bado juu. Hadi leo ameza vidonge vyake, na mara mojamoja huenda kushikwa kichwa. Tulipopokea habari hiyo, tulimkumbuka kijana wa mchikichi, tukamshukuru Mungu kwamba mwalimu mzee naye aweza kujifunza.

Pengine mmoja wenu atasema: mambo ya Marekani yanatuhusu nini hapa Swima? Yanatuhusu, kwa kuwa sisi nasi tunashika vichwa, na vichwa vyenyewe ni vya watoto wachanga. Mama mzee akipokea mtoto aliyezaliwa na kichwa kirefu kwa sababu ya kupita njia nyembamba, hupasha viganja vyake joto na kukipapasa ili kiwe mviringo. Mkono mwepesi haudhuru, wala si huo unaokitengeneza kichwa. Kwa kawaida hujirudia chenyewe baada ya siku chache, kwani mifupa ya mtoto mchanga, tofauti na ya mtu mzima, bado haijashikana. Ndiyo maana ana utosi, pale palipo laini juu ya paji la uso. Kwa watoto wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18. Pasibonyezwe, pasichanjwe, pasipakwe dawa za kuunguza.

Vijana, sikieni hasa jambo hili, kwani ninyi ndio baba na mama wa kesho. Utosi wa mtoto ukibonyea ndani wakati anapoharisha, watu husema ana ugonjwa wa utosi, nao hutafuta mtu wa kuuinua kwa vidole. Utosi haukuugua. Mwili wote umepungukiwa maji, na utosi ni dirisha tu linaloonyesha hivyo. Katika pwani yetu, ambako kipindupindu hakiishi kurudi, dirisha hilo huonyesha mauti yaliyo karibu. Mtoto anyonyeshwe bila kukatizwa, apewe maji yenye chumvi na sukari kutoka kituo cha afya, na apelekwe huko haraka. Kama pakiti hazipo, chemsha lita 1 ya maji, yapoze, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umnyweshe kidogokidogo huku mkiwa njiani. Mkono wa mama usiende utosini. Uende kwenye kikombe.

Kuna mpaka mwingine ambao hauhusu mifupa wala maji, bali heshima. Sisi ni watu wa nchi iliyojeruhiwa. Wazee wa barabara hii ya Uvira na Baraka hawajasahau mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, damu ya wasio na hatia ilipomwagika Makobola, jirani zetu. Na kati ya majeraha ya miaka hii yote, mengine yalifanywa na mikono juu ya miili ya wanawake na wasichana, hata ya wavulana. Kwa mtu wa namna hiyo mguso si pumziko. Waweza kuwa ndiyo hatari yenyewe iliyorudi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mjini Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, imeufundisha ulimwengu kwamba aliyejeruhiwa hivyo huhitaji kutunzwa mzima: mwili wake, nafsi yake, haki yake mbele ya sheria, na riziki yake.

Kwa hiyo mtu asiguswe kabla ya kuulizwa. Aulizwe: «Je, nikushike? Hapa panauma? Niache?» Akisema hapana, neno lake lisikilizwe, hata kama ni mtoto, hata kama anayemkanda ni mzee, ni mganga, ni katekista. Anayetaka kumkanda msichana faraghani kwa jina la tiba au la sala, akimkataza asimwambie mama yake, huyo si mtibu, mwondokeeni, mkaseme. Twakumbuka jinsi tulivyomshika mabega yule kijana alipokuwa akilia. Alikuwa akituambia, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwamba tulikuwa tunakosea. Mwili wake ulisema kweli, nasi tuliunyamazisha.

Katika Injili ya Luka upo mfano ambao mmeusikia tangu utoto, ule wa Msamaria aliyemkuta mtu nusu mfu njiani. Kwa miaka mingi tulipoufundisha tulisimama kwenye mafuta na divai. Ni sehemu nzuri: aliinama, akagusa alichoogopa wengine kukigusa. Lakini mfano hauishii hapo. Msamaria hakukaa njiani akipaka mafuta siku tatu. Alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kulipa tena. Mafuta na safari vilikuwa tendo moja la mapendo. Sisi tulikuwa na mafuta. Tulipaswa kutafuta pia pikipiki. Kama tungalizunguka jumuiya yetu usiku ule na kofia mkononi, fedha zingalipatikana. Hatukuzunguka, kwa sababu mafuta yalikuwa karibu na hayakuwa na gharama.

Mwaka jana, baada ya Misa ya Pasaka, yule kijana alikuja nyumbani kwetu. Sasa ni mtu mzima mwenye mke na mtoto, na huchongea wavuvi mitumbwi. Alikaa kwenye kiti cha barazani, akaunyosha ule mguu mfupi, akasema: «Mwalimu, kiuno kinaniuma kwa sababu ya kuchechemea. Muuguzi amenipima, amesema mfupa ulishika zamani, na kwamba kukandwa kiunoni kutanisaidia. Mke wangu amekwenda sokoni Mboko. Je, wewe utaweza?»

Hatukujibu mara moja. Kisha tulipasha maji, tukaleta chupa. Tulimuuliza mahali panapouma, naye akaonyesha. Tulimuuliza kama tunaubonyeza mno, akasema: «Polepole kidogo.» Tukaenda polepole. Hatukuzungumza habari za zamani. Baada ya muda pumzi yake ilibadilika, ikawa ndefu, na tukajua kwamba amelala, mbele yetu sisi tuliomvunja. Tukaendelea kukanda hadi maji yalipopoa.

Vijana wapendwa, mtakapokutana kwenye vikundi vyenu, tafakarini pamoja maswali haya matatu. Katika nyumba zetu, ni nani ambaye kila siku huwabeba wengine na hajashikwa na mtu siku nyingi? Mtu akianguka leo katika kijiji chetu, tuna mbao, kitambaa na fedha za safari, au tuna mafuta tu? Na mtu akituambia «niache», je, tunaiondoa mikono yetu?

Mungu aibariki mikono yenu.